Saa Yenye Vitufe Upande wa Kushoto

Mimi na Afande Kosmasi hatujawahi kukubaliana juu ya saa wala kalamu, na urafiki wetu unakula humo humo. Yeye ni sajini mstaafu, anakaa Kasese karibu na kambi. Anapenda kronografu ya ufunguo, ya kujazwa kwa mkono, ile saa yenye vitufe viwili ubavuni vya kuanzisha na kusimamisha mshale wa kupima mbio, na anaandika kwa kalamu ya wino. Mimi nimetembea sana, na kalamu za wino zimenivujia mfukoni kila njia, basi naandika kwa biki. Tena naandika kwa mkono wa kushoto, na mkono huo ukifuata wino mbichi unautandaza ukurasa mzima.

Saa navaa mkono wa kulia. Kwa hiyo vitufe vya saa karibu zote huangalia kiwiko changu, na kuvibonyeza ni kazi kama kujikuna mgongo.

Siku ya soko tulishuka Bwera, mpakani, kwa Laurentine, mama wa Butembo, ng'ambo ya Kongo, anayeuza saa na kalamu kuukuu. Akafunua kitambaa. Kronografu nyeusi, ya ufunguo, vitufe viko kushoto. Saa ya watu kama mimi! Nilikuwa nimeisikia tu kwa wasimulizi.

"Naichukua," nikasema.

"Naichukua mimi," akasema Kosmasi.

"Wewe mtu wa kulia utaifanyia nini?"

"Sina ya namna hii. Toa mkono, Zedekia."

Laurentine akaifunika. "Ba papa, munagombana sawa batoto. Iko moja tu. Nitauzia ule inamufaa. Kila mutu asimamishe mushale pale juu, kwa kumi na mbili. Ule atakaribia, iko yake."

Nikatabasamu. Saa ilikuwa yangu tayari.

Kosmasi akaanza. Akaifunga mkono wa kushoto, gumba la kulia likatafuta kitufe, likakikosa, na mshale ukapita juu ukaenda zake. Wauza samaki wakacheka.

"Afande, adui ameshavuka daraja," nikamwambia.

"Hiyo ilikuwa mazoezi."

"Sawa, papa, rudilia," akasema Laurentine.

Akaivua. Akaitazama kidogo, halafu akaifunga mkono wa kulia. Gumba la kushoto likakaa juu ya kitufe bila kutafuta. Mshale ukazunguka, akabonyeza. Juu kabisa.

"Nani amekufundisha?" nikamuuliza.

"Nilizaliwa hivi. Mwalimu aliufunga mkono huu kwa kamba ya mgomba, jeshini bunduki ikamalizia. Nilidhani umeshakufa."

Miaka yote hiyo tunabishana, kumbe tuko upande mmoja. Kicheko kikanishika. Zamu yangu ilipofika nilikuwa bado nacheka, na mshale ukanipita kwa unywele mmoja.

"Imepita," akasema Laurentine. "Afande, iko yako."

"Umeniibia," nikamwambia Kosmasi.

"Lalamika kwa maandishi."

"Andika wewe kwanza. Kwa mkono huo huo."

Laurentine akampa kipande cha katoni. Kosmasi akatoa kalamu yake ya wino akaandika jina lake. Herufi ziliegemeana kama walevi, na alipomaliza kiganja kilikuwa cha buluu. Akakitazama, akacheka mpaka akashika meza. Saa nilikuwa nimeikosa, lakini uchungu niliutafuta nisiuone.

"Inamisha katoni," nikasema, nikaigeuza. "Mkono uwe chini ya mstari, usiufuate nyuma."

"Hivi?"

"Hapana, afande. Legeza. Hushiki bunduki."

Akajaribu tena. Safari hii jina lilisomeka.

"Sasa la mke wangu," akasema. "Amony lazima alione leo."

Dereva wa gari la kuturudisha Kasese akaita, akapiga honi, gari likajaa likatuacha. Kosmasi alikuwa kwenye herufi ya tatu, ulimi nje, nami nimemshikia katoni isiteleze.