Sinki la Sentimita Sitini

Mama Vifungo alikuwa fundi cherehani, na kwa miaka saba alishona sare za shule mpaka vidole vikaota sugu, akidunduliza fedha kwenye kopo la vifungo. Hakuwa na tamaa ya dhahabu wala ya safari. Alitaka jiko. Na katika jiko lenyewe alitaka kitu kimoja tu: sinki la kuoshea vyombo akiwa amesimama kama binadamu.

Lile lililokuwepo lilijengwa na marehemu mama mkwe wake, mwanamke mwema sana, Mungu amrehemu, ila ufupi wake ulikuwa wa kupindukia. Sinki lilimfika Mama Vifungo mapajani. Miaka ishirini na miwili ameoshea sufuria humo, na kila akimaliza anajinyoosha kwa awamu, mkono kiunoni, huku anaguna. Siku hizi hata kujinyoosha kwenyewe alikuwa ameacha. Alitoka jikoni vilevile alivyoinama, akakaa kwenye cherehani vilevile, akalala vilevile.

Kopo lilipojaa akalibeba kwa mikono miwili, akamkabidhi mumewe. Milioni mbili na laki nne, noti zimekunjwa vizuri. Angempa nani mwingine? Mumewe alikuwa mkadiriaji wa idara ya ujenzi, mtu wa kukwambia ukuta wako utakula matofali mangapi kabla hujajua kama unautaka. Mtaa mzima walimwita Bwana Sentimita.

"Niachie mimi, mke wangu," alisema, akilipokea kopo kama vile kapokea mtoto. "Utapata jiko ambalo halizidi hata msumari."

Loo! Laiti angelijua anachoachia!

Bwana Sentimita hakuamini ramani za karatasi. Alisema karatasi inadanganya, sakafu haidanganyi. Basi akasogeza makochi yote ukutani, akapiga magoti, akachora jiko jipya kwa chaki katikati ya sebule, kwa ukubwa wake halisi. Hapa makabati, hapa jiko la gesi, hapa sinki, hapa mlango. Na kuanzia siku hiyo, jamani, mlango wa chaki ukawa mlango. Ukitaka kutoka chumbani kwenda uani ulipita mlangoni, hukukata ukuta. Mama Vifungo akibeba sinia la chai alizunguka hatua sita zaidi, kwa sababu kulikuwa na kabati ambalo halijajengwa.

Siku moja wifi yake, dada wa Bwana Sentimita, aliingia kwa kishindo kama kawaida yake, akaenda moja kwa moja kwenye kochi.

"Umekanyaga jiko!" kaka yake akapiga kelele.

Wifi akaruka juu. "Limewashwa?"

"Bado."

"Sasa si uniambie mapema, kaka!" Akarudi nyuma, akabisha hodi hewani, akangoja mpaka akaribishwe. Tangu siku hiyo alivua viatu kabisa.

Makadirio nayo yalifika kurasa hamsini na moja. Misumari mia tatu na kumi na miwili, ikiwemo minne itakayopinda. Chai ya mafundi, vikombe themanini na vinne. Kukohoa kwa ajili ya vumbi, siku tatu. Kulikuwa na fungu la dharura, na chini yake dharura ya dharura. Mama Vifungo alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Alikuwa na furaha, si uongo; alikuwa akisimama pembeni ya ule mchoro jioni akiuangalia, na moyo unamtulia.

Mpaka Jumanne ile alipokuwa akifagia kando ya ukuta wa chaki, akasoma maandishi madogo ndani ya sinki. Kimo: sentimita 60.

Akachukua futi yake ya kushonea shingoni, akaenda jikoni, akapima sinki la marehemu. Sitini kamili.

"Mume wangu," alisema, futi ingali mkononi, "hii sitini umeitoa wapi?"

"Kwako," alijibu Bwana Sentimita, hata hakuinua macho kwenye karatasi zake. "Nimekupima siku tatu mfululizo ukiosha vyombo. Mabega yako yako hapa, viwiko hapa, mikono hapa. Sinki linalokufaa ni la sitini barabara. Halipungui, halizidi."

"Nilikuwa nimeinama!"

"Ndiyo."

"Nimeinama kwa sababu sinki liko chini!"

"Hayo ya kwa sababu si kazi yangu, Mama Vifungo. Mkadiriaji hapimi kinachotamaniwa. Anapima kilichopo."

"Na mgongo wangu je?"

"Umo kwenye vipimo," alisema kwa upole, tena alimaanisha. "Halafu ukinyanyua sinki, matofali yanaongezeka, vigae vinaongezeka, chai ya mafundi inaongezeka. Kurasa zote hamsini na moja nizirudie? Na Jumatatu fundi anaanza?"

Mama Vifungo akamfuata fundi mwashi kwake, kwa miguu. Fundi alimsikiliza, akajikuna kisogo. "Mama, mimi ningekujengea hata la mita mbili. Lakini mzee kanisainisha. Nikitofautiana na karatasi kwa sentimita moja, sipati hata nauli. Mwambie abadilishe namba, mimi sina neno."

Alirudi nyumbani analia. Ndiyo, alilia, tena njia nzima, bila kujificha. Miaka saba ya sare, vifungo, zipu za watoto wasiotulia, ili anunue mgongo uleule aliokuwa nao. Na fedha zilikuwa zake!

Aliingia ndani, kwa kupitia mlangoni, akamkuta mumewe kainama sakafuni anakoleza mstari wa kabati uliofutika.

"Mke wangu, suti yangu lini?" aliuliza bila kunyanyuka. Jumamosi idara ilikuwa inampa cheti kwa miaka thelathini bila kukosea hesabu, na ile suti ya zamani ilikwisha fumuliwa itoe bitana ya hiyo mpya. "Hujanipima hata."

Mama Vifungo akamtazama. Kiuno juu, kichwa chini, mikono inagusa vidole vya miguu. Akafuta machozi kwa ncha ya futi.

"Baki hapohapo," alisema. "Usisogee. Nakupima sasa hivi."

Alimpima mgongo, alimpima kifua kilivyojikunja, alimpima tumbo, alimpima nyonga. Kila namba aliiandika. Hakutia chumvi hata kidogo. Akakata, akashona siku tatu, kwa ustadi wote aliojaliwa, na Jumamosi asubuhi suti ilikuwa imening'inia: koti, kizibao na suruali, kitambaa cha kijivu, mishono imenyooka.

Bwana Sentimita akaivaa. Ilimkaa kama kamwagiwa, alimradi ameinama. Akijaribu kusimama, kizibao kinamvuta chini na suruali inampandisha juu, na yeye katikati anakosa pumzi.

"Kuna tatizo," alisema akiangalia viatu vyake.

"Tumechelewa," alisema Mama Vifungo.

Mbele ya ukumbi mzima alipanda jukwaani ameinama. Watu wakapiga makofi kwa heshima, wakidhani ni unyenyekevu. Mkuu wa idara akanyoosha cheti, akasubiri, akasubiri tena, mwishowe akachutama ili waonane uso kwa uso.

"Simama mzee wetu, tupige picha."

"Siwezi, bosi. Nimeshonewa hivi."

Picha zikapigwa hivyohivyo, mmoja ameinama, mwingine amechutama. Wifi, aliyekaa safu ya mbele, alicheka hadi akatolewa nje.

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu. Bwana Sentimita aliitembea yote akihesabu kokoto, jasho linamtiririka puani, na kila baada ya hatua kumi anaguna. Mguno wenyewe ulikuwa mguno anaoujua. Alikuwa akiusikia kila siku kutoka jikoni, miaka ishirini na miwili, na hakuwahi kuuingiza kwenye hesabu yoyote.

Sebuleni alikata ukuta wa chaki bila kuangalia, akajibwaga katikati ya sakafu, juu ya sinki. Makalio ya suti ya kijivu yakafuta sitini yote.

"Umenipima nimeinama," alisema.

"Nilipima kilichopo."

Bwana Sentimita akafungua vifungo kimoja kimoja, akavua koti, akavua kizibao, akanyanyuka akishikilia kochi. Akachukua chaki mfukoni.

"Njoo, mke wangu," alisema kwa sauti ndogo. "Nisamehe. Njoo usimame hapa ukutani. Nyooka."

"Nimenyooka."

"Hapana. Nyooka kabisa."

Mama Vifungo akaegemeza visigino ukutani. Akajivuta taratibu, kiuno, mgongo, mabega, shingo, huku mifupa inalia moja baada ya nyingine. Mumewe akanyanyua chaki aweke alama juu ya kichwa chake. Mkono haukufika vizuri. Akasimama kwa ncha za vidole, akaweka alama, akarudi nyuma, na macho yakamtoka.

"Kumbe umenizidi urefu," alisema. "Tangu lini?"

"Tangu siku ya harusi," alisema Mama Vifungo.