Zege la Nyumba ya Tatu

Injinia mpya alipofika kijijini kusimamia ujenzi wa nyumba kumi na mbili, alimgawia kila fundi kadi. Unaandika mwenyewe kazi utakayomaliza na siku yake, unaibandika ukutani pale stoo. Ukikwama, unasema mapema ili anayekufuata ajipange upya.

"Sitaki ahadi za kunifurahisha," alisema.

Mafundi walitazamana. Msimamizi aliyemtangulia, ukimwambia umechelewa, kesho yake hukanyagi saiti. Basi kokoto zilipokosekana Jumatatu, fundi zege waliyemwita Kimya alinyamaza. Linta, ile boriti ya zege juu ya mlango wa nyumba ya tatu, aliimwaga Jumamosi jioni. Kwenye kadi aliacha Jumatatu ile ile, akaandika: imekwisha.

Jumatatu iliyofuata injinia aliisoma kadi ile kikaoni. "Nyumba ya tatu, siku saba zimetimia. Vijana wameenda kutoa mirunda inayoishikilia linta."

Kimya alihesabu siku. Zege lilikuwa na siku mbili tu, na juu yake waashi wameshapanga tofali mistari minne. Nikisema, kazi sina. Nisiposema...

"Fundi plasta je?" aliuliza mtu.

"Ameshaanza, yuko pale mlangoni," alijibu injinia.

Fundi plasta alikuwa shemeji yake, mdogo wa kike wa mkewe. Asubuhi ile ile alikuwa amempita Kimya na ndoo akimtania, "Shemeji, leo umemeza jiwe?"

Nyundo ikaanza kusikika. Ko. Ko. Kimya alikurupuka, akakimbilia nyumba ya tatu.

"Acheni! Shemeji, toka!"

Mrunda wa pili ulikuwa umeshaanguka. Dada yule alitoka mbio, plasta hadi viwikoni, na nyuma yake linta ikapasuka katikati, tofali zikamiminika pale alipokuwa amesimama.

Vumbi lilipotulia, injinia aliuliza polepole, "Ulimwaga lini?"

"Juzi."

"Mbona hukusema?"

"Niliogopa."

Injinia alikaa juu ya tofali. Hakumfukuza. Alimpa kadi tupu, akamwambia aandike ukweli mbele ya wote, na kazi za nyumba ile zikasogezwa wiki nzima.

Shemeji yake hakumsemesha siku tatu. Ya nne alikuja na ndoo, akasimama nje ya mlango wa nyumba ya tatu akiangalia linta mpya.

"Zege hili la lini?"

"La jana, shemeji. Bado siku sita."

Aligeuka, akaenda kuanzia nyumba ya mwisho.