Magunia ya Uzi wa Bluu

Mama Ghala alikuwa amepiga magoti nyuma ya magunia katika ghala la mtaa analolitunza, ufagio mkononi, alipogusa ukuta akakuta umelowa. Na si unyevu wa kusema labda kuna mtu kamwaga maji. Umelowa chepechepe, toka sakafuni hadi usawa wa kiuno. Akavuta ubao wa kuwekea magunia ulioegemezwa hapo ukutani, na chini yake akaiona shazia, ile sindano ndefu ya kushonea magunia, bado ina uzi wa bluu kwenye tundu.

Akakaa palepale kwenye vumbi na nguo yake mpya aliyoivaa kwa ajili ya mgeni anayekuja kukagua ghala.

Jamani, huo uzi wa bluu mtaa mzima ulikuwa unaujua. Kila muuza unga alikuwa na rangi yake ya kushonea mdomo wa gunia, na bluu ilikuwa ya shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, mwenye mashine ya kusaga. Huyo walimwita Mvi tangu ujana wake, kwa sababu unga ulimjaa kichwani hadi ukadhani ni babu wa mtu. Yeye na Mama Ghala walikuwa wajumbe wa baraza la chakula la mtaa, watu saba waliochaguliwa kuhakikisha chakula kinapatikana na jiko la shule halizimi.

Wiki mbili nyuma, watoto wa shule walikunywa uji wakaharisha. Baraza likafungua magunia ghalani: matatu yana mabonge, yananuka uvundo, na yote yameshonwa kwa uzi wa bluu. Mama Ghala alisimama katikati ya kikao, mikono kiunoni, akamwambia shemeji yake mbele ya watu, "Umetulishia watoto uozo. Namshukuru Mungu kaka yako hayupo kuiona aibu hii." Mvi aliapa kwa kila kiapo anachokijua. Nani amsikilize? Tangu siku hiyo hakuna aliyempelekea hata kisado cha kusaga.

Kumbe! Sasa ndiyo yanamrudia. Mvua zilipoanza, magunia matatu ya unga wa zamani, aliyoyanunua mwenyewe kwa mkulima wa bondeni, yalifumuka midomo. Akayashona upya harakaharaka kwa shazia aliyoikuta karibu, ambayo Mvi aliisahau siku alipoleta mzigo wake. Kisha akayasukuma hadi ukutani. Ukuta huuhuu.

"Ni mimi," akasema, na hakuwepo wa kumsikia.

Nje mlango wa gari ukafungwa, pwa! Mwenyekiti wa baraza, mwalimu mstaafu ambaye hata mkewe humwita Mwalimu, akaingia ghalani anahema.

"Umekaa chini? Afisa wa ruzuku huyo ameshafika!"

Mama Ghala akamwonyesha ukuta, kisha shazia. Mwalimu hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Akarudishia mlango kwa kisigino.

"Rudisha ubao."

"Mwalimu, nimemsingizia mtu."

"Rudisha ubao, nakwambia! Daraja limekatika, unga uliobaki ni wa siku tatu. Maombi ya ruzuku ya dharura yanafungwa leo saa sita mchana, na baraza la ng'ambo ya mto nalo limeomba. Afisa akiuona ukuta huu tumekwisha. Shemeji yako tutamwomba radhi kesho, hata kwa magoti."

Akaurudisha.

Afisa alikuwa msichana mwenye faili kubwa na viatu vyenye matope, na macho yake hayakuwa na mchezo. Akapita katikati ya magunia, akaminya moja, akanusa jingine. Mama Ghala akausogelea ukuta, akaegemea ubao. Maji yakampenya mgongoni taratibu.

"Na huko nyuma?"

"Mbao tu, mwanangu."

Afisa akamtazama kidogo, akaandika, akatoka. Mama Ghala hajawahi kujichukia kama dakika ile.

Kwenye chumba cha pili wajumbe walikuwa wamezunguka meza ya chuma. Sharti lilikuwa wote saba wasaini mbele ya afisa. Sita wakasaini, Mama Ghala akiwa wa sita. Kiti cha saba kitupu. Saa tano na nusu. Mwalimu akawa anachungulia dirishani kila baada ya sekunde.

Ndipo Mvi akaingia.

Mama Ghala alimwangalia. Nywele za Mvi zilikuwa nyeusi tii. Kope nyeusi, shati safi, hata kucha zilikuwa safi. Miaka yote ya kumjua hajawahi kumwona bila unga kichwani. Mjumbe mmoja, muuza mboga, akavuta kiti chake kando, utadhani kaingia mgonjwa wa kuambukiza. Mvi akajifanya hakuona.

"Kabla hujasaini," afisa akasema, "kuna swali la unga mbovu. Baraza limechukua hatua gani?"

"Tumemwondoa mhusika," Mwalimu akajibu upesi. "Hatununui tena kwake."

"Anaitwa nani?"

Mwalimu akakohoa. Mvi mwenyewe ndiye aliyesema, "Ni mimi. Andika."

Afisa akaandika, akamsogezea karatasi. Kwa hiyo mtu asaini hukumu yake kwa mkono wake mwenyewe! Mvi akaishika kalamu, akaiangalia, akasema kwa sauti ya chini, "Basi, watoto na wapate kula." Akainama.

"Usisaini!"

Mama Ghala alikuwa ameshasimama, kiti kimeanguka nyuma yake.

"Kaa chini, mama," Mwalimu akasema akiuma meno.

"Sikai! Unga ule ulikuwa wangu. Niliununua mimi, nikaushona mimi kwa uzi wake, nikauozesha mimi kwenye ukuta unaovuja. Na wewe, mwanangu, nimekudanganya. Njoo uone."

Akamshika afisa mkono, akampeleka ghalani, akavuta ubao mbele ya wote. Afisa akaweka kiganja ukutani, kikatoka kimelowa.

"Kwa ghala hili siwezi kupitisha," akasema. "Masharti yanataka ghala kavu. Mna jingine?"

Mwalimu alishika kichwa kwa mikono miwili. "Umetumaliza," akamwambia Mama Ghala. "Umetumaliza kabisa." Mama Ghala alikuwa akiwaza masufuria ya shule yaliyofunikwa, na kwamba safari hii kosa ni lake tupu.

"Kwangu kuna chumba nyuma ya mashine," Mvi akasema. "Saruji chini, paa zima. Kiko wazi na kimefagiliwa. Wiki mbili sina kazi zaidi ya kufagia."

Ilibaki robo saa. Walikwenda nusu mbio, afisa na matope yake mbele, Mwalimu nyuma akitweta. Afisa akapapasa kuta zote nne, akapiga mguu sakafuni, akatazama paa kwa muda uliowatoa roho. Kisha akakata jina la Mvi kwenye swali la unga mbovu, akaandika jingine juu yake, na Mama Ghala akasogea kusoma. Lilikuwa lake. Sawa kabisa.

Mvi akasaini saa sita kasoro dakika nne.

Watu wakashangilia, wakampigapiga Mvi mgongoni, hata yule muuza mboga. Mama Ghala akangoja watulie, akapiga magoti palepale mlangoni, akamnyooshea funguo za ghala.

"Shemeji, nisamehe."

Mvi hakumwinua. "Ulisema kaka hayupo kuiona aibu."

"Nilisema."

"Hilo neno nimelala nalo siku kumi na nne." Akachukua funguo. "Saa nane tunahamisha magunia. Njoo, mikono inahitajika. Ila uje na uzi wako."

Mama Ghala akaondoka, magoti yana vumbi na mgongo haujakauka, akaingia dukani kuomba uzi wa magunia. Muuzaji akamuuliza rangi gani.

"Nyekundu," akasema. "Ile inayoonekana kwa mbali."