Pembe ya Kushoto

Saa tisa na robo alasiri, siku ya Jumapili, kichwa kilikataa kuingia shingoni.

Kilikuwa kichwa cha plastiki ya kijani, ukubwa wa yai la kuku, chenye pembe tatu. Shingo ilikuwa ya dinosaria huyohuyo, kutoka boksi lilelile. Mwenye nyumba, mpima ardhi aliyestaafu, alijaribu tena bila kulazimisha. Kichwa kilikaa upande na kuacha upenyo wa kupitisha ukucha.

Saa kumi angefika mhakiki wa chama cha wakusanyaji. Chama kilikuwa na kabati la kioo la modeli za zamani, vinyago vya plastiki vinavyouzwa vipande vipande kwenye boksi, na sharti lake halikuwa na mjadala: vipande vyote viwe vya asili, na kisiwepo hata kimoja kilichowahi kuguswa na gundi. Wengi hununua modeli ili waziunge. Wakusanyaji hutafuta zile ambazo hazijaungwa, kwa kuwa ikishaungwa hairudi kuwa ilivyokuwa. Mpima alikuwa amelisaka boksi hili tangu akiwa kazini, na hakuwa amesikia kuna jingine lililosalia kamili.

Kichwa kilikuwa kimetoka nje ya nyumba mara moja tu. Pembe ya kushoto ilikuwa imepinda, na mkewe ndiye aliyeshauri kaka yake apewe kichwa ainyooshe kwa maji ya moto. Kaka huyo alikuwa fundi wa meno ya bandia. Kutwa kucha alishika vitu vidogo visivyotaka papara. Alikaa nacho siku kadhaa, akakirudisha kwenye pamba, ndani ya kikopo cha kuhifadhia meno. Pembe ilikuwa imenyooka kabisa.

Mpima alichukua kalipa, koleo la kupimia vipenyo, akapima tundu la kichwa na kulilinganisha na shingo. Tundu lilikuwa dogo. Akakumbuka jambo ambalo kila mkusanyaji analijua: kipande cha bandia kikimiminwa kwa rezini, utomvu wa kiwandani unaogandishwa kwenye kalibu, hunywea kidogo kikikauka. Na kalibu na rezini vilijaa karakana ya shemeji yake. Kiwiliwili hakukipima upya. Kiwiliwili hakikuwa kimetoka nyumbani.

Akampigia simu.

Fundi aliishi mtaa wa pili. Aliingia bila kuvua viatu, kucha zikiwa na unga wa plasta, akauliza kama leo mijusi imegoma kula. Ndiye aliyempachika mpima jina la Baba Mijusi, siku ya harusi ya binti wa nyumba hiyo, mbele ya wakwe, na jina likaganda. Mpima naye, tangu siku hiyo, hakuwahi kumwita kwa jina jingine zaidi ya Meno.

"Meno, kichwa changu kiko wapi?"

"Kiko hapo kwenye shingo yako, shemeji. Ingawa sijui kinafanya kazi gani."

Mpima alimweleza habari ya tundu na rezini, kwa utulivu, kama anayesoma ripoti. Fundi alisikiliza hadi mwisho. Alijibu kwamba alichopewa ndicho alichorudisha, na kwamba mwenye haja ya kuiba angeiba kitu ambacho watu wazima wanakitaka. Mke aliyekuwa mlangoni aliwaomba wote wawili wakae. Hakuna aliyekaa.

Kulikuwa na njia moja ya kujua pale pale. Gundi ya modeli huyeyusha plastiki ya asili. Rezini haiyeyuki. Mpima alitoa kichupa kwenye droo, akakigeuza kichwa ili adondoshe tone ndani, mahali pasipoonekana.

"Ndani? Kesho utasema gundi haikufika vizuri," fundi alisema. "Tia kwenye pembe. Si ndipo nilipogusa? Kama nimekuibia, hupotezi kitu."

Mpima alitafuta kasoro katika hoja hiyo, hakuiona.

"Kaka," mke alisema, "unajua ni chenyewe. Mwambie."

"Nimeshamwambia, dada. Mimi kwake ni mwongo. Acha aiulize gundi."

Tone liliangukia ncha ya pembe ya kushoto. Kwa muda halikufanya kitu, na mpima akainua macho kumtazama shemeji yake. Aliporudisha macho, ncha ilikuwa inang'aa. Ikalegea, ikainama upande ilikokuwa imepindia zamani. Aliishika ili kuizuia, na alama ya kidole gumba chake ikabaki kwenye plastiki.

Fundi ndiye aliyenyoosha mkono na kukichukua kiwiliwili. Alikiinua usawa wa jicho, kama anavyokagua taya, kisha akakilaza juu ya kioo cha meza. Kilibembea. Mgongo ulikuwa umebonyea na shingo imepanuka.

"Hili boksi unaliweka wapi?"

Alijibu mkewe: lilikuwa chini kabisa kabatini, maboksi mengine yote juu yake, toka mwaka juzi. Wakusanyaji husimamisha maboksi yao wima kama vitabu. Mpima alikuwa akiyasimamisha yote isipokuwa hilo.

"Chini kabisa kwa nini?"

"Alisema asije akaliona Meno," mke alisema.

Fundi alicheka kwa pua. Alichukua kikopo chake cha meno, akamwambia dada yake asimletee tena kazi ya mtu huyu, akatoka. Kwenye ngazi alipishana na mwanamke aliyebeba mkoba na taa ndogo ya mkononi. Alikuwa mhakiki.

Mpima alikuwa ameshavirudisha vipande vyote ndani ya boksi na kufunika. Mhakiki alinawa, akajifuta, akafunua. Alihesabu vipande, vyote vilikuwepo. Akakiinua kichwa, akapitisha kidole juu ya pembe ya kushoto, akakipeleka kidole puani.

Akafunika boksi.