Dawa Chini ya Kiti

Nasur alikuwa mtu wa kujiandaa. Miaka yake jeshini ilimwachia goti gumu na tabia hiyo, na vyote viwili alitembea navyo popote. Alipoachana na bunduki alipata kazi ya kusambaza vipuri vya magari kutoka duka moja la Jinja. Asubuhi alipakia Jinja, akawapelekea mafundi wa Buwenge, kisha akarudi kuishika njia ya Iganga na Tirinyi mpaka Mbale, nyumbani kwake chini ya mlima Wanale.

Pikipiki yake ilikuwa kuukuu, lakini chini ya kiti hapakuwa na mzaha. Alikuwa amemwomba mchomeleaji amtengenezee kisanduku cha bati kilichoshuka mpaka karibu na injini, na humo akapanga kila kitu kijeshi. Spana alizivika matambara zisigongane. Palikuwa na plagi ya akiba, waya wa klachi, viraka na gundi, tyubu, koleo, koti la mvua. Waliokwama njiani kwenye matope ya mto Mpologoma walikuwa wakisema, afadhali kumsubiri Nasur apite kuliko kwenda kumtafuta fundi.

Yeye na mkewe Rehemah walijaliwa mtoto mmoja tu, Mariat, msichana mwenye mzaha aliyezoea kuwapanga kuku wa mama yake mstari na kuwaamrisha kwa sauti ya baba yake, "Kikosi, simama!" Alipokuwa na miaka kumi na miwili alishikwa na ugonjwa wa sukari. Wakadhani wamempoteza, lakini hospitalini palikuwa na muuguzi mmoja, Sista Nambozo, ambaye hakuwaacha. Alimfundisha Rehemah kuchoma sindano ya insulini, akamfundisha na kuifukia chupa ya dawa katika chungu cha mchanga mbichi, ikae kwenye ubaridi kama chini ya mti kando ya mto. Mariat akarudi shule. Mwili ukajaa. Kuku wakaendelea kupata taabu.

Mwanzoni mwa mwaka tisini na saba, kiangazi kikiwa kikali, dawa iliadimika Mbale. "Wewe unafika Jinja kila mara," Sista Nambozo akamwambia Nasur. "Jaribu huko."

Nasur akaipata kwenye duka la dawa, kwa kijana mwenye haraka aliyekuwa akiwahudumia watu watatu kwa mpigo. Kijana alimtolea chupa kutoka kwenye friji, akamkabidhi, na alipokuwa tayari amegeuka alisema, "Usiiweke juani, mzee."

Nasur alitii. Kuitia mfukoni aliogopa, maana akianguka ingevunjika. Kuifunga kwenye mzigo wa nyuma aliogopa zaidi, maana Iganga kulikuwa na mikono myepesi. Akaifunga katika kitambaa safi, akailaza chini ya kiti kati ya tyubu na koti la mvua, mahali ambapo jua halikuwahi kufika tangu bati lichomelewe. Akapiga kufuli. Akaenda Buwenge, na siku hiyo ilikuwa ya soko, akaiegesha pikipiki uwanjani saa nzima akishusha mzigo na kubishana na mafundi. Kisha akaanza safari ndefu ya Mbale, vumbi kooni, injini ikinguruma chini yake, moyo wake mweupe. Alikuwa ameukalia uhai wa mtoto wake, na hakuna wa kumnyang'anya.

Kufika nyumbani, Rehemah aliipokea chupa kwa mikono miwili na kuifukia mchangani.

Haukupita muda mrefu Mariat akaanza tena kunywa maji. Alikunywa kikombe juu ya kikombe, usiku akitoka nje mara kwa mara. Mashavu yakaingia ndani. Nasur alipoona hivyo alileta chupa nyingine kutoka Jinja, nayo akaitunza vilevile, hata zaidi, akaiongezea tambara. Rehemah alichoma sindano kila asubuhi na kila jioni bila kukosa. Mtoto akazidi kukauka.

"Huyu anakula vitu vitamu," Nasur akasema.

"Anakula wapi? Mimi ndiye ninayempakulia," akajibu Rehemah.

Lakini nyumba ya pili palikuwa na mama mmoja, jina lake Night, mjane wa polisi, mtu wa kaskazini, aliyeuza vipande vya muwa mlangoni pake. Alasiri moja Nasur alikuta makapi ya muwa nyuma ya jiko lake. Akayaokota, akaingia nayo ndani mkononi.

"Mariat. Hii ni nini?"

Msichana alikuwa amelala mkekani. Akainuka kwa kiwiko. "Ni makapi, Baba. Watoto wa njia wanatupa pale."

"Umekula muwa wewe."

"Sikula, Baba. Haki ya Mungu, sijala kitu."

"Mimi navunjika mgongo kukuletea dawa, na wewe unakula muwa!" Akampiga kofi. Kofi lenyewe halikuwa zito, lakini mtoto alikuwa mwepesi, akaanguka akalala vile alivyoangukia, hakulia. Rehemah alikuja mbio akasimama kati yao. Nasur akatoka, akaenda moja kwa moja mlangoni kwa Night, na mbele ya wateja akamwambia kwamba anamuulia mtoto.

"Afande, mimi sijampa," Night akasema. "Najua ugonjwa wake. Siwezi kumpa."

"Nyamaza!"

Mtaa mzima ulisikia. Kuanzia siku hiyo wanunuzi walimpungukia Night, na kuanzia siku hiyo Mariat hakumsemesha baba yake, ila kumwitikia akiitwa.

Siku chache baadaye alianza kutapika. Pumzi yake ikawa nzito na ya haraka, ikinukia kama ndizi zilizoiva kupita kiasi. Nasur alimpakata kwenye pikipiki, Rehemah akiwa nyuma amemshikilia, wakamfikisha hospitalini. Sista Nambozo alipomwona tu alianza kukimbia. Alimtundikia maji, kisha akamwomba Rehemah ile chupa ya dawa, akaenda nayo dirishani. Akaitikisa. Dawa ilikuwa imejikata vipande vipande na kugandia kwenye kioo, kama maziwa yaliyoharibika.

Akamwita Nasur kando. "Mnaiweka wapi?"

"Katika mchanga, kama ulivyotufundisha."

"Na njiani, kutoka Jinja?"

Nasur akaona afadhali amwonyeshe. Alimpeleka nje, pikipiki ilipoachwa kwenye jua, akafungua kufuli akainua kiti. Alifanya hivyo kwa fahari kidogo, hata wakati ule, maana hakuna aliyewahi kukiona kisanduku kile asikisifu. Sista Nambozo hakukisifu. Aliingiza mkono, akagusa spana, akautoa upesi.

"Weka mkono wako, Afande."

Akauweka. Bati lilichoma.

"Dawa hii haitaki joto," Sista akasema polepole. "Ikipata joto inakufa. Mama yake amekuwa akimchoma maji matupu."

"Aliniambia nisiiweke juani."

"Najua."

"Humu hakuna jua, Sista."

Sista Nambozo akakishusha kiti taratibu. Akarudi wodini. Alikuwa na dawa kidogo aliyoiazima kwa mgonjwa mwingine, nayo alimpa Mariat mwenyewe, kwa mkono wake, akabaki kando ya kitanda hata baada ya zamu yake kwisha.

Asubuhi Mariat alifumbua macho. Rehemah alikuwa amekwenda kuteka maji. Nasur akapiga magoti, goti lile gumu nalo likakubali, akausogeza uso wake karibu.

"Mariat, hukula muwa. Sasa najua. Dawa ndiyo iliyoharibika, na mimi ndiye niliyeiharibu."

Msichana alimtazama. "Nilikwambia, Baba," akasema. Kisha akageukia ukutani. Adhuhuri pumzi ikakoma.

Walimzika jioni ile ile. Kwenye matanga watu walijaa uani, na maneno yakaanza kuzunguka: mtoto kaponzwa na muwa wa yule mwanamke wa kaskazini, na huenda haukuwa muwa mtupu. Vijana wawili watatu wakasema wakaitupe nje mizigo yake, ahame. Mmoja akamgeukia Nasur. "Sema neno tu, Afande."

Nasur alisimama. Hakuwa amemwambia mtu mwingine yeyote, hata Rehemah. Alitaka kungoja, hakujua kungoja nini.

"Mwacheni Night," akasema. "Hakumpa kitu. Mariat hakula kitu. Nilibeba dawa yake chini ya kiti, juu ya injini, ikaungua. Mimi ndiye."

Rehemah, aliyekuwa kwenye mkeka wa wanawake, alisimama, akajifunga kanga yake vizuri, akaingia ndani.

Hakumgombeza. Alipika, alifagia, alipokea wageni. Matanga yalipokwisha alifunga nguo zake, kaka yake akaja kutoka Buwenge kumchukua. Mlangoni alisimama.

"Dawa ningekusamehe, Baba Mariat. Ulikuwa unamtunza. Lakini mtoto alikwambia kweli, akaapa, ukampiga."

Rehemah alingoja kidogo, kama mtu anayetumaini kuambiwa si kweli, kisha akaondoka.

Nasur aliiacha kazi. Alikaa barazani siku hata siku, kuku wakipita mbele yake watakavyo. Jioni moja Night alikuja na bakuli la uji wa mtama, akaliweka karibu naye.

"Kula, Afande."

"Nimeshiba," akasema Nasur, ambaye hakuwa ametia kitu tumboni.

Night akaketi kwenye ngazi, hakumshurutisha. Wakakaa hivyo mpaka utando ukashika juu ya uji. Kisha Night akalichukua bakuli lake, akarudi kwake.