Digrii Moja na Nusu

Siku moja kabla ya safari, fundi friji aliosha gari lake mara mbili, ndani na nje, na bado hakuridhika. Kesho yake alikuwa anampeleka mama mkwe mtoni. Katika miaka tisa ya ndoa, wawili hao hawakuwahi kukaa peke yao hata kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai, na sasa walikuwa na saa tatu za kwenda na saa tatu za kurudi. Buti la gari lilikuwa limejaa mambo yake ya kazini: mabomba ya shaba, kompresa mbovu, jeki, spana, matambara yenye grisi. Akaona haya. Akatoa kila kitu, akafagia, akatandika turubai jipya, na juu yake akaweka sanduku kubwa la barafu kwa ajili ya samaki, huenda safari hii wangerudi nao.

"Unaenda kuposa tena?" mke wake alimwuliza kutoka mlangoni.

Mke alikuwa mwalimu, na wiki hiyo alikuwa amezama kwenye kusahihisha mitihani mpaka shingoni. Ndiyo maana zamu ya kumwendesha mama ilimwangukia mume. "Mama hapendi maneno mengi asubuhi," alimwonya. "Mchana pia hapendi. Na redio usithubutu."

Mama huyo alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji kwa miaka thelathini na mmoja, akastaafu, lakini mpaka leo mtaa mzima ulimwita Sista. Kila kiangazi alipanda milimani kuvua trauti, yule samaki wa maji baridi mwenye madoa ubavuni, anayevuliwa kwa fimbo nyepesi na mdudu wa bandia aliyefungwa kwa uzi na manyoya. Alifundishwa na marehemu mumewe, bwana misitu, na baada ya miaka miwili mwanafunzi akampita mwalimu. Alikuwa akimshika samaki, akimtazama, akimrudisha majini. Hapo kwenye kurudisha ndipo fundi alipokuwa anapotea njia. Kwake yeye, mtu anayevua samaki na kumwachia ni sawa na anayepika wali na kuumwaga, ila hakuwa na ubavu wa kumwambia hivyo mzazi wa mke wake.

Kiangazi hiki hakikuwa kama vingine. Msuli wa bega la kulia la Sista ulikuwa umechanika, na Jumatatu asubuhi angefanyiwa upasuaji. Daktari, kijana ambaye zamani yeye mwenyewe Sista alimtuliza mikono ilipokuwa ikimtetemeka, alimwambia bila kuzunguka: mkono utashika kijiko, utavaa, utafunga mlango, lakini kurusha mshipi asahau. Jumapili saa kumi na mbili jioni alitakiwa awe wodini. Kwa hiyo ilibaki asubuhi moja tu ya Jumapili, na huko mtoni kulikuwa na samaki mmoja aliyekuwa na kiporo naye.

"Namwita Mwenyekiti," alisema garini, na hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza baada ya saa nzima ya safari. "Anakaa chini ya mwamba, pale ziwa linapomwaga maji na kuwa mto. Amekaa mahali pamoja miaka minne, kila kinachopita kinaanzia kwake, na sijasikia hata siku moja kwamba ana mpinzani."

Fundi alicheka. Kisha akaona amecheka kwa sauti kubwa mno mbele ya mama mkwe, akashika usukani kwa mikono miwili.

"Umewahi kumnasa, Mama?"

"Mara moja. Akanikatia uzi. Leo ndiyo mwisho wa maneno, ama yeye ama mimi."

Zilikuwa zimebaki kilomita arobaini hivi wakati tairi la nyuma lilipopasuka. Fundi alishuka na ujasiri wote wa mwanamume mwenye tairi la akiba, akafungua buti, akakuta turubai safi na sanduku la barafu. Jeki ilikuwa nyumbani, imefungwa kwenye gazeti ili isichafue sakafu.

"Jeki iko wapi?" Sista aliuliza.

"Niliitoa, Mama."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa chafu."

Sista alimtazama kwa muda, halafu akatazama turubai, halafu akaenda kukaa juu ya jiwe kando ya barabara. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na fundi hakuambiwa. Gari la kwanza lilipita baada ya karibu saa nzima, likawapigia honi ya salamu na kwenda zake. Saa mbili na ushei zilikatika kabla lori la mbao halijasimama. Dereva wake alikuwa mtu mwema na mwenye maneno. Alipokuwa anazungusha jeki aliuliza wanakwenda wapi, na Sista akamjibu kuwa wanakwenda kuvua.

"Mtawauza wapi?"

"Tutawarudisha majini."

Dereva aliacha kuzungusha. "Mama, shangazi yangu alianza hivyo hivyo," alisema, na akaendelea na kazi.

Walifika saa tano kasoro robo badala ya saa mbili. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya vilele na mawe yalianza kutoa joto. Lakini mahali penyewe, fundi alikiri, palistahili barabara ile mbovu. Ziwa lilikuwa limetulia katikati ya milima, na upande mmoja lilipata upenyo, likateremka kwenye mawe na kuwa mto. Maji yalikuwa angavu mpaka mtu angeweza kuhesabu kokoto za chini. Kwenye nyasi za ukingoni panzi walikuwa wanaruka ovyo, na kila upepo ulipopita, mmoja au wawili waliangukia mtoni.

Panzi mmoja alielea akipiga teke. Alipofika kando ya mwamba, kitu kirefu kikapanda kutoka gizani bila haraka, mdomo mweupe ukafunguka, puku, na panzi hayupo. Fundi, aliyekuja kama dereva tu, alijikuta amepiga magoti kwenye nyasi.

"Ndiye?"

"Ndiye," alisema Sista. Hakufungua mfuko wa fimbo. Alitoa kwenye mfuko wa koti kipimajoto kilichofungwa kamba, akachuchumaa, akakitumbukiza majini, na macho yake yakaenda kwenye saa aliyobandika kifuani, ile ile ya wodini.

"Ana homa?" fundi alijaribu utani.

"Tutajua."

Alingoja dakika mbili kamili. Kisha akapima kivulini, kisha karibu na mwamba, akiwa amezama mpaka magotini. Aliporudi ukingoni alikausha kipimajoto kwa pindo la shati, akakisoma tena kana kwamba kingeweza kumwonea huruma.

"Ishirini na nusu. Kikomo changu ni kumi na tisa. Saa mbili ile ingekuwa kumi na sita, kumi na saba."

Akamweleza polepole, kama anavyoelezwa ndugu wa mgonjwa. Maji yakipata joto hewa hupungua ndani yake. Trauti akinaswa hupigana mpaka pumzi ya mwisho, na kwenye maji baridi pumzi hiyo hurudi. Kwenye maji kama haya hairudi. Utamwachia, ataondoka vizuri akipunga mkia, utaenda nyumbani umevimba kichwa, na jioni atakuwa tumbo juu huko chini mtoni.

"Niliwahi kuwaona," alisema. "Saba. Niliwavua mwenyewe siku moja, nilikuwa sijui."

Fundi alihisi jasho linamtoka, na si la jua. Mwanamke huyu alikuwa na asubuhi moja tu, na yeye ndiye aliyeitupa, kwa sababu ya grisi kwenye jeki. "Lakini Mama, ni digrii moja na nusu tu. Na hakuna mtu hapa."

"Mimi nimekwenda wapi?"

Sista akaizungusha kamba kwenye kipimajoto.

"Wewe ukikuta friji ya chanjo imezidi digrii moja na nusu, unamwambia nini mwenye zahanati?"

Hapo aliguswa penyewe. Mwaka uliopita alisimama mbele ya friji kama hiyo, mganga wa zahanati akimsihi aseme ni sawa tu, rafu nne zimejaa na akina mama wako foleni na watoto mgongoni. Hakusema ni sawa. Walimchukia siku ile mpaka wakamnyima maji ya kunywa.

"Namwambia atupe," alisema.

"Haya."

Wakakaa. Upepo ukavuma, panzi wakaanguka, Mwenyekiti akaendelea na kikao chake bila wasiwasi. Fundi alitafuta la kufanya mpaka likamjia moja. "Nina barafu," alisema. "Sanduku zima."

Sista alimgeukia. Alitazama gari, akatazama mto unavyoteremka na maji yake yote, na akaanza kucheka. Alicheka mpaka ikabidi alishike bega lake kwa mkono wa kushoto. "Mto hauna mlango wa kufunga, mwanangu," alisema akifuta machozi. Miaka tisa alikuwa anamwita mkwe, na wakati mwingine hakumwita kitu.

Lakini kicheko kilipokwisha, aliurudia mwamba kwa macho. Fundi alimtazama pembeni. Aliona hamu kwenye uso ule, hamu kavu ya mtu anayeona chakula chake kinaliwa na wengine, na roho ikamuuma kweli. Wakati huo huo alijua kwamba hata angemwekea kisu shingoni, mwanamke huyu asingemtupia ndoano samaki yule. Hakuwahi kumheshimu mtu namna hiyo. Heshima aliyokuwa nayo tangu harusini ilikuwa ya kuinamisha kichwa na kuosha gari. Hii ilimfanya atake kumtazama.

Baada ya muda mrefu Sista alinyoosha mkono, akavuta mfuko, akaunganisha fimbo. Kutoka kwenye kopo la vidonge alichagua panzi wa bandia, tumbo la uzi wa njano na mabawa ya unyoya wa kuku, kazi ya mikono yake. Akachukua koleo dogo. Akaibana ndoano pale inapoanza kupinda, akaikata. Kipande chenye ncha akakitia mfukoni, panzi akabaki na kijiti cha chuma kilichonyooka.

"Sasa atashikwa na nini?" fundi aliuliza.

"Hatashikwa."

"Na bega lako?"

"Lina mirusho mitatu. Labda minne. Sogea nyuma, mshipi usikupige."

Fundi alidhani kazi ile ni ya nguvu. Aliona kwamba nguvu haikuwemo. Sista aliubana mkono wa juu ubavuni ili bega lisifanye kazi, akatumia kiwiko na kiganja tu. Mshipi ulikwenda nyuma juu ya nyasi, ukanyooka wote, yeye akangoja, hakuuharakisha, kisha akauleta mbele na kuulaza juu ya maji kama mtu anayemfunika shuka mtoto aliyelala. Wa kwanza ulipungua hatua mbili. Wa pili ulichukuliwa na upepo, na safari hii fundi alimsikia akiguna kwa maumivu. Akateremsha fimbo, akapumua. Mdomo ulikuwa umepauka.

"Mama, inatosha."

"Bado."

Mrusho wa tatu ulikwenda. Panzi alitua juu kidogo ya mwamba, kwa sauti ndogo, bila kuvuta uzi, akaelea kama wenzake wote waliokufa asubuhi ile. Kile kirefu kilipanda kutoka gizani. Kilisimama chini yake, kikarudi nyuma naye kwa kipimo cha mkono mzima, kikimkagua. Sista hakupumua, na fundi naye hakupumua.

Puku.

Mkono ukainuka wenyewe, mazoea ya miaka, na fimbo ikapinda. Kwa sababu Mwenyekiti alikuwa amembana panzi kwa meno na hakutaka kumwachia, mshipi ukakaza, ukakata maji kuelekea vilindini, na kwa muda wa pumzi mbili tatu uzito wake wote ulikuwa mkononi mwa Sista. Fundi alimwona ubavu mzima, dhahabu na madoa mekundu, mnene kuliko mguu wa mtoto. Kisha samaki akafungua mdomo tu, kama mtu aliyechoka na mazungumzo, na uzi ukalegea.

Maji yalitulia. Samaki alirudi chini ya mwamba wake, mzima.

"Umemwona?" Sista aliuliza bila kugeuka.

"Nimemwona."

"Mwili wote?"

"Mwili wote, Mama. Mpaka mkia."

Alitikisa kichwa kukubali. Fundi aliona ni lazima aseme. "Nisamehe. Kama nisingetoa ile jeki, leo ungemshika kweli."

Yeye alitegemea aambiwe si kitu. Watu wazima husema si kitu. Sista alikaa akiutazama uzi uliolegea juu ya maji.

"Ningemshika," alisema. "Nilimtaka sana, mwanangu. Sitakudanganya kwamba haijauma. Imeuma." Kisha akamnyooshea fimbo kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia ukining'inia ubavuni. "Shika hii. Halafu nivue koti, joto limezidi. Mkono haupandi tena."

Fundi aliilaza fimbo kwenye nyasi, akaja mbele yake, akaanza na kifungo cha juu.