Mtani Kasifu Kitabu

Miaka ile magazeti yalichipuka Dar kama uyoga, na mengi yakanyauka kwa kasi ileile. Moja lililojikaza lisife lilikuwa la wiki. Mhariri wake nilisoma naye sekondari, akanipa mimi, Saidy wa Kibiti, nusu ukurasa wa kuhakiki vitabu vipya vya watoto na vijana. Hakunichagua kwa ubora. Wenzangu wote walitaka ukurasa wa mpira.

Basi bahasha za vitabu zikawa zinanishukia Kibiti, dukani kwa mjomba, nami nazisoma huku nauza betri na kandambili. Sikuwa na huruma. Kulikuwa na kitabu cha sungura mtiifu. Nikaandika kwamba mtoto akisomewa hicho hahitaji kubembelezwa, ukurasa wa pili keshalala. Kulikuwa na kingine cha vijana, ambamo shujaa anawahutubia wenzake kuhusu usafi toka mwanzo hadi mwisho. Nikaandika kwamba huyo apewe uenyekiti wa kijiji, kitabu hakimfai. Wasomaji walicheka. Waandishi walinuna.

Kisha kikaja *Mbuzi Juu ya Dungu*, cha Mwalimu Sikudhani wa Mohoro.

Mwalimu Sikudhani alinifundisha shule ya msingi kabla hajahamishiwa Mohoro. Yeye Mmatumbi, mimi Mndengereko, kwa hiyo ni watani, na utani wetu haukungoja nimalize shule. Hata darasani aliniita "kuku wa mafuriko", kwa kuwa sisi wa bondeni maji yakija tunapanda juu. Mimi nilikuwa namuuliza kama huko milimani kwao wameshajua wali unapikwa kwanza. Hakasiriki mtu. Kwetu mtani hata msibani anaruka ndani ya kaburi na kukataa kutoka, mpaka wafiwa wacheke na machozi yao.

Kitabu chake nilikifungua nikiwa nimeshatayarisha matusi. Familia inahamia bondeni msimu wa mpunga, inakaa kwenye kile kibanda cha juu ya miti tunachokiita dungu. Maji yanapanda, na binti wa nyumba anampandisha mbuzi wake kwa siri. Nilisoma nimesimama. Mteja mmoja nilimuuzia kandambili zote mbili za mguu wa kushoto, akaondoka, nami nikaendelea kusoma.

Nilipomaliza, matusi yakanikimbia. Nikaandika hivi: "Hiki ni kitabu cha kwanza mwaka huu kilichokumbuka kwamba mtoto ni mtu. Mwandishi hamhubirii. Anamwacha aogope, acheke, aamue mwenyewe. Kila mzazi akitafute." Sikutia hata mzaha mmoja, kwa heshima ya mwalimu wangu. Uhakiki ukachapwa.

Wiki iliyofuata nikavuka mto kwenda Mohoro kupokea shukrani.

"Karibu, ndugu mwandishi," akasema Mwalimu Sikudhani.

Ndugu mwandishi! Akanipa kiti chenye mto. Akanimiminia chai kwenye kikombe cha maua, na kisahani chake chini. Nikajua mambo yameharibika.

"Mwalimu, mbona hunitukani?"

"Si umeanza kuacha wewe?"

Juu ya meza kulikuwa na rundo la karatasi zilizopigwa taipu, limefungwa kamba ya katani. Nikauliza ni nini.

"Cha pili. Cha vijana, wale waliomaliza la saba wakabaki wanashangaa. Mchapishaji anakitaka mwezi huu. Sikipeleki."

"Kwa nini?"

Akaketi, akapangusa mikono kwenye kanga ingawa ilikuwa mikavu.

"Saidy, umemsema sungura wa watu. Umemsema kijana wa watu wa usafi. Kilipofika changu umekuwa mpole kama mganga aliyeona mgonjwa haponi. Nikasema, kumbe ni kibaya kiasi hiki! Hata mtani wangu kanionea huruma."

"Wallahi ni kizuri!"

"Umeona? Sasa unaapa."

Kila nilipozidi kukisifu, alizidi kunywea. Nilipofikia kusema kimenitoa machozi, akaniongezea sukari kwenye chai kama anayemhudumia mgonjwa.

"Watoto wa darasani kwangu wanasema kizuri," akasema, "na watasema nini, fimbo si ninayo mimi? Mchapishaji anasema kizuri, anauza huyo. Wewe ndiye niliyekuwa nakungoja. Nilijua ukinitukana, nimeandika kitabu."

Kumtukana palepale baada ya kuombwa kungekuwa uongo, naye angeugundua kabla sijafumba mdomo. Nikaaga.

Njia ya kwenda kituoni inakatiza mashamba ya mpunga, na huko nikamkuta Mzee Mwinjuma, Mndengereko mwenzangu, anarusha madongo hewani na kulaani. Wingu la ndege liliinuka upande mmoja, likatua mwingine. Binti yake Maimuna alikuwa chini ya dungu, uso kauinamisha, mikono nyuma.

"Shikamoo, mzee. Kuna nini?"

"Marahaba. Muulize huyu! Nimemweka aamie ndege, awafukuze wasile mpunga. Nakuja, nakuta ndege wamekaa kwenye mpunga wangu kama wamealikwa, na mwenyewe kajilaza huko juu anacheka peke yake. Nikadhani kapagawa. Kumbe kitabu!"

"Kitabu gani?"

Maimuna akaleta mikono mbele. Jalada lilikuwa na mbuzi.

"Umefika wapi?" nikamuuliza.

"Mwisho," akasema kwa sauti ya chini. "Halafu nikaanza tena."

Nikacheka mpaka Mzee Mwinjuma akaokota dongo lingine na kunitazama mimi.

"Mzee, ngoja. Aliyekiandika namjua. Yupo hapo kijijini. Tena ni Mmatumbi."

Uso wa mzee ukafunguka, kama mtu aliyepewa kesi anayoiweza. Akakichukua kitabu kiwe ushahidi. Maimuna akabaki na ndege, anapaza sauti nyuma yetu, "Baba, nitarudishiwa?"

Sikubisha hodi kwa Mwalimu. Nilisimama uani, nikapaza sauti majirani wasikie.

"Sikudhani! Toka nje, Mmatumbi mkubwa wewe! Mlishuka milimani kufuata harufu ya wali wetu, tukawakaribisha. Sasa mmeona peke yenu hamuumalizi, mnaandika vitabu ndege wawasaidie?"

Akatoka na mwiko mkononi. Watu wakaanza kusogea. Akanitazama, akamtazama mzee.

"Kuna nini?"

"Mtoto kakisoma mara mbili, mwanamke wewe!" Mzee Mwinjuma alikitikisa kitabu kama anakikung'uta wadudu. "Mara mbili! Mara ya kwanza ndege wakala upande wa mto. Mara ya pili wakala upande wa njia!"

Mwiko wa Mwalimu Sikudhani ulishuka taratibu. Kisha akauliza, si kwa sauti ya uani bali ile ya darasani, pale anapotaka jibu kweli:

"Alicheka wapi?"

"Nitajuaje mimi? Labda pale mbuzi anapokula ugoro wa bibi, anapiga chafya mpaka dungu linayumba."

Mwalimu akamkazia macho.

"Wewe umejuaje hayo, mzee?"

Mzee Mwinjuma akatazama miguu yake. "Nilikuwa nakagua ushahidi. Njiani."

Majirani walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Mwalimu naye akaanza polepole, mabega kwanza, kisha kicheko kikatoka chote, akawa anafuta macho kwa pindo la kanga. Halafu akanigeukia.

"Na wewe kuku wa mafuriko! Matusi kama hayo ndiyo ya kuandika gazetini! Umeniandikia rambirambi, nimekaa wiki nzima naomboleza kitabu kizima! Nani alikufundisha kuandika?"

"Wewe."

"Hasara yangu."

Akaingia ndani. Alipotoka, alikuwa na lile rundo, amelizungushia karatasi ya kaki na kulitia nailoni juu.

"Unapitiliza mpaka Dar. Umpe mchapishaji mkononi. Na ukikisoma njiani, nenda uwaambie watu ubaya wake."

Mimi na mzigo wangu tulisindikizwa hadi kituoni kama tunaoa. Basi la kutoka Kilwa liliposimama, konda akanyoosha mkono autupe mzigo kwenye karia, juu ya basi.

"Huu napakata," nikamwambia.

"Kwani una nini, mayai?"

"Maneno ya Mmatumbi. Yakikaa karibu na chakula cha watu, kinachacha."

Mwalimu Sikudhani akasikia kutoka chini. "Konda! Huo mzigo ndio abiria! Hicho kilichoupakata kitupe karia!"

Basi zima likaangua kicheko. Tuliondoka yeye bado ananitukana, mkono mmoja kiunoni, wa pili anapunga.